Kuacha Taarifa ya Habari ya Saa Mbili: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Habari moja siku hizi tunaisikia mara nne. Waziri anatoa tamko mchana, jioni linaingia kwenye simu likiwa kipande cha video, saa mbili usiku linasomwa kwenye taarifa ya habari, na asubuhi mtangazaji wa redio analirudia akipitia vichwa vya magazeti. Ukifika kijiweni saa nne unakuta kuna mtu kashalishika na anakusimulia upya. Tamko ni lile lile, na bado hujui kama barabara itajengwa au haitajengwa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyechoka na mzunguko huo na anataka kutoka bila kugeuka mshamba wa mtaa. Habari chache unazozihitaji kweli zinajulikana zinatoka lini na wapi, kwa hiyo huna sababu ya kuzisubiri kila usiku. Kazi ngumu iko kwenye simu yako, na kwenye sebule ambayo si yako peke yako. Hatua za hapo ndizo nilizozirefusha, nyingine nimezipitia haraka.

Kama unadhani ni wazo lako tu la ajabu, ripoti ya mwaka 2024 ya Reuters Institute, taasisi ya utafiti wa uandishi wa habari, iliyohoji watu wa nchi nyingi ikiwamo Kenya, ilikuta asilimia 39 wakisema kuna nyakati au mara nyingi wanazikwepa habari.

1. Weka daftari kwa wiki moja

Usizime kitu bado. Chukua daftari la kawaida, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika habari uliyoisikia leo ukawa bado unaikumbuka usiku. Kulia andika ulifanya nini kwa sababu yake. Nasema kufanya: uliahirisha safari, ulinunua mbegu mapema, ulimpigia mtu simu kumpa pole, ulipandisha bei ya bidhaa dukani. Kukasirika hakuhesabiki. Kubishana kijiweni nako hakuhesabiki, ingawa najua wapo watakaokata rufaa.

Ukurasa wa dereva wa bodaboda unaweza kuwa hivi. Kushoto: waziri kakagua daraja, basi limepinduka mkoa mwingine, mshambuliaji fulani anakaribia kusajiliwa, mshambuliaji kakanusha, vita huko nje vinaendelea, petroli imepanda. Kulia kuna mstari mmoja tu, mbele ya petroli: "Nimeongeza mia tano safari ya stendi."

Wiki ikiisha, hesabu mistari ya kulia. Ikiwa imejaa, pengine wewe ni mfanyabiashara wa mazao, mwandishi, au dereva wa masafa marefu anayevuka mipaka. Kwako habari ni kazi, na humu utachukua yanayohusu simu tu. Wengi wetu tutakuta mistari mitatu au minne, na karibu yote ni ya aina moja: bei, mvua, umeme, msiba.

2. Habari zako zipe kalenda

Chukua mistari ya kulia uitafutie tarehe na mahali inapotoka. Utashangaa jinsi mambo yanayogusa mfuko yanavyofuata ratiba.

Bei kikomo za mafuta Tanzania hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya EPRA hutangaza tarehe 14, zikaanza kutumika tarehe 15. Ina maana mtu anayefuatilia mafuta anahitaji dakika tano kwa mwezi. Nauli za daladala na mabasi ziko chini ya LATRA, hazibadiliki kila wiki, na siku zikibadilika kondakta atakuwa wa kwanza kukwambia.

Mvua ndiyo habari kubwa kuliko zote kwa mkulima, na ndiyo inayopewa dakika chache mwishoni mwa taarifa, baada ya michezo. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei kabla misimu haijaanza. Kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka kuna utabiri wa msimu, Novemba hadi Aprili. Zipo pia tabiri fupi za siku kumi. Soma utabiri wenyewe, au mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Ukiusoma utabiri mwenyewe unaona mkoa wako umeandikiwa nini. Kwenye televisheni unamwona mtu kasimama mbele ya ramani.

Bajeti ya serikali husomwa Juni, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Wiki ya bajeti, kama una duka, fungua masikio: kodi gani imepanda, ushuru gani umefutwa. Wiki nyingine za mwaka, ahadi za bajeti unaweza kuziacha zipite. Matokeo ya mitihani yako kwenye tovuti ya NECTA, na mtoto wako atayajua kabla ya msomaji wa habari.

Andika kalenda hiyo kwenye karatasi moja, ibandike ndani ya mlango wa kabati. Zangu ni bei, mvua na bajeti. Zako zinaweza kuwa soko la korosho au ratiba ya meli.

3. Tafuta mtu wa kukupigia

Hofu inayowarudisha watu kwenye televisheni ni moja: je, likitokea kubwa? Kubwa litakufikia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea pwani ya Tanzania, TMA ilitoa tahadhari, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na mtaani hapakuwa na mtu asiyejua. Mwenye televisheni na asiye nayo walianika nguo kwa wasiwasi ule ule.

Hata hivyo usiiachie bahati. Chagua mtu mmoja anayependa habari kwa dhati, na kila ukoo unaye, umwambie waziwazi: "Mimi sitazami tena. Likitokea la usafiri kusimama, mafuriko, kipindupindu au jambo la usalama maeneo yetu, nipigie. Mengine niachie." Mpigie, usimwandikie, maana ukimwandikia atakujibu kwa kukutumia viungo vya video. Mtu huyo atafurahi kuliko unavyofikiri. Hatimaye amepewa cheo.

Pili, misiba. Zamani watu walikaa karibu na redio kusubiri matangazo ya vifo, na aliyekosa matangazo alikosa mazishi. Leo kazi hiyo imehamia kwenye grupu la ukoo, kipaza sauti cha msikiti, matangazo ya kanisani na mjumbe wa nyumba kumi. Hizo njia nne usiziguse.

4. Simu

Wengi wanazima televisheni kwa mbwembwe, kisha wanatazama taarifa ileile kitandani, kwenye kioo cha inchi sita. Anza na simu kabla ya sebule.

Ingia kwenye mipangilio, kwenye arifa, uzime arifa za kila programu ya habari, YouTube, Instagram, TikTok na Facebook. Acha simu, ujumbe mfupi na miamala ya pesa. Futa programu za habari kabisa. Ukizihitaji siku ya bajeti utazisoma kwenye kivinjari. YouTube ina kitufe cha kucheza video inayofuata yenyewe: kizime, maana hicho ndicho kinachogeuza dakika tatu za habari kuwa saa moja.

WhatsApp inataka mkono wa busara. Gawa magrupu mafungu matatu.

La kwanza ni yanayoleta misiba, harusi na michango: ukoo, mtaa, shule ya watoto, jumuiya au madrasa, kikoba. Yaache yaendelee kulia.

La pili ni yale yaliyoanza na jina zuri, "Wahitimu" au "Ndugu wa Damu 2", sasa yamekuwa kituo cha habari. Nyamazisha. Utapewa kuchagua muda wa saa nane, wiki moja au daima; chagua daima, kisha yahifadhi mbali na orodha ya mbele. Fungua Jumapili upitie majina ya watu tu, kuona kama kuna aliyefiwa au anayeumwa.

La tatu ni ya kujitoa. Tangu 2022 ukijitoa kwenye grupu WhatsApp haitangazi kwa wote, wanaarifiwa viongozi wa grupu tu. Tatizo ni kwamba kiongozi wa grupu mara nyingi ni baba mdogo. Kama ndivyo, lirudishe fungu la pili ulinyamazishe, amani idumu.

Kisha zima upakuaji wa video na picha wa moja kwa moja. Bando litadumu, na hutafungua simu asubuhi ukakutana na maiti za ajali ambazo hukuomba kuziona. Hili la picha ningeliweka kwa herufi kubwa kama ingewezekana. Baada ya bomu la mbio za Boston, Aprili 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichunguza Wamarekani waliolishuhudia na waliolitazama tu. Waliokesha kwenye habari za tukio hilo saa sita au zaidi kwa siku, wiki iliyofuata, walionyesha dalili za msongo kuzidi hata waliokuwapo pale. Sasa fikiria sisi, ambao video ya ajali inafika kabla gari la wagonjwa halijafika, haina ukungu wala onyo, na imetumwa na shangazi na maneno "Mungu atunusuru".

Ukiona ujumbe una mishale miwili na maandishi kwamba umesambazwa mara nyingi, upite. Tangu Aprili 2020 WhatsApp imebana ujumbe wa namna hiyo, unaruhusiwa kwenda kwa mtu au grupu moja kwa mara moja, kwa sababu ndimo uvumi ulimokuwa ukisafiria. Kama kampuni yenyewe inaushuku, wewe una haraka gani nao?

5. Sebule

Anayeishi peke yake ana kazi rahisi. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, televisheni zetu nyingi zinategemea king'amuzi, na king'amuzi kinategemea kifurushi. Usitangaze vita. Acha kifurushi kiishe, usilipie, chomoa king'amuzi ukiweke juu ya kabati la nguo, sehemu ya kupandia kiti. Runinga yenyewe ifunike kwa kile kitambaa cha kufuma alichokuachia mama. Usitegemee LUKU, ile mita ya umeme, ikushukuru: televisheni ya wati 50 ikiwaka saa tano kwa siku inakula kama uniti saba na nusu kwa mwezi. Akiba halisi iko kwenye kifurushi, bando na usingizi.

Nyumba yenye watu ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanashindwa kwa kujifanya makamanda. Rimoti ina wenyewe.

Kama unaishi na wazee, taarifa ya saa mbili ni ya baba. Ni saa yake, aliikuta redioni akaihamishia kwenye kioo, na kuizima ni kumkosea adabu. Wewe ndiye wa kuondoka. Panga saa mbili kasorobo iwe saa yako ya kuoga: "Baba, ngoja nikaoge kwanza." Saa tatu kasoro rudi, kaa, muulize, "Baba, leo wamesemaje?" Atakueleza kwa sentensi tatu, ya nne ikiwa lawama kwa vijana wa siku hizi. Mzee aliyepitia vita vya Kagera na foleni za sukari za miaka ya 1980 ana kipimo chake cha kujua lipi ni kubwa na lipi ni kelele. Unapata habari, na yeye anapata mtu wa kuzungumza naye, jambo ambalo runinga haijawahi kumpa.

Tamthilia ni za mama, za mke, mara nyingine za mume asiyekubali. Zile za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili zina saa zake, na mwenye nazo hatakuelewa ukimwambia zinapoteza muda. Usimwambie. Wewe unaacha, hujatumwa kuwaachisha. Omba mambo mawili tu: runinga izimwe wakati wa kula, na isiwashwe pasipo mtazamaji. La pili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu nyumba nyingi huwasha televisheni iwe sauti ya nyumba, ili pasipoe. Badili sauti hiyo: redio ndogo yenye flashi iliyojazwa taarabu, kaswida, kwaya au rumba ya zamani, chochote kisichokatizwa na muhtasari wa habari kila saa.

Dada wa kazi usimsahau. Yeye anashinda ndani siku nzima, na televisheni ndiyo mwenzake. Ukiondoa king'amuzi kwa sababu wewe umechoka na siasa, umemfungia yeye. Zungumza naye kwanza. Pengine runinga ibaki, wewe ubadili kiti.

Kiti ni hila ndogo inayofanya kazi. Sebule zetu nyingi makochi yote yanaitazama runinga, hata mgeni akija mnazungumza mkiwa mmegeuza shingo. Geuza kochi moja litazame mlango au dirisha, hilo liwe lako.

Kwa wanaodai nyumba haikaliki bila televisheni: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Wa Bara nao walioa, wakalea, wakabishana siasa mpaka usiku.

6. Mpira

Sitakudanganya uache mechi ya Simba na Yanga. Nami sina mpango huo. Lakini tenganisha mechi na maneno. Mechi ni dakika 90. Maneno ni uchambuzi wa asubuhi redioni, tetesi za usajili, mkutano wa kocha, video za mashabiki, uchambuzi wa usiku, halafu kesho yake uchambuzi wa uchambuzi. Katika daftari la hatua ya kwanza utakuta maneno yamekula saa nyingi kuliko mechi za mwezi mzima. Baki na dakika 90.

Na uzitazamie nje: kibanda umiza, mgahawani, kwa jirani. Unalipia kiingilio kidogo, unapiga kelele na wenzako, filimbi ikilia unakwenda nyumbani ambako hakuna kipindi kinachofuata. Mashindano makubwa yakija (AFCON 2027 uenyeji wake wamepewa Kenya, Uganda na Tanzania) unaweza kulipia kifurushi cha mwezi mmoja. Siku unayolipia, weka ukumbusho kwenye simu wa tarehe ya kukirudisha king'amuzi juu ya kabati, la sivyo mwezi mmoja utazaa mwaka.

7. Saa mbili hadi saa nne usiku

Wiki ya kwanza utaranda. Mkono utaitafuta rimoti wakati hata hutaki kutazama. Usijaze muda huo na mipango mikubwa. Mtu aliyechoka na kazi hawezi kuanza kujifunza Kifaransa saa mbili usiku. Kazi ndogo za mikono zinatosha: kuchambua mchele wa kesho, kupiga pasi, kukagua madaftari ya watoto, bao na jirani, kumpigia ndugu uliyekuwa ukimtumia vikaragosi tu. Ukisinzia saa tatu, lala.

8. Ukiwa nje

Televisheni iko benki, saluni, hospitali na kwenye mabasi ya mikoani. Kaa chini yake au ipe mgongo. Kwenye meza ya magazeti, pale watu wanaposimama kusoma vichwa bila kununua, pita upande wa pili wa barabara.

Kijiweni wakikuuliza, "Jana umeona?" sema, "Sijaona, hebu nieleze." Usihubiri kwamba umeacha. Ukihubiri watakujadili wewe badala ya habari, na kahawa itapoa.

9. Soma mara moja kwa wiki

Chagua siku na gazeti. Toleo la Jumapili la gazeti lolote la Kiswahili unaloliamini linatosha; anayesoma Kiingereza ana The EastAfrican, la kila wiki. Saa moja, kikombe cha chai, kisha gazeti liende kufungia vitumbua. Faida ya kusubiri ni kwamba habari inakukuta imetulia. Idadi ya waliokufa ajalini inayotajwa saa ya kwanza huwa siyo ya siku ya tatu, tetesi za uteuzi zimekwisha kuwa uteuzi au zimeyeyuka, na aliyekanusha amekiri.

Kuna atakayekwambia raia mwema lazima afuatilie. Mwulize mara ya mwisho alihudhuria lini mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria huitishwa kila miezi mitatu na ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Wapo wanaojua nani kamjibu nani bungeni Dodoma, na hawajui fedha za choo cha shule ya kata zimeishia wapi. Jioni moja kila miezi mitatu kwenye mkutano huo, uliza swali moja lenye tarakimu. Mwaka wa uchaguzi ongeza mambo matatu: hakiki jina lako kwenye daftari la wapiga kura, soma ilani za vyama mwenyewe, nenda kwenye mkutano wa kampeni wa chama chako na wa kile usichokipenda.

10. Baada ya mwezi

Rudi kwenye daftari. Andika upande wa kushoto yaliyokupita ambayo ungependa kuyajua mapema. Kama kuna mtindo, mfano umekosa tangazo la kukatika kwa maji mara mbili, ongeza kituo kimoja kwenye kalenda: ukurasa wa mamlaka ya maji ya mji wako, au simu ya jirani anayefanya kazi huko. Ongeza kimoja kwa kila pengo, usirudishe vyote. Na yule uliyempa cheo cha kukupigia, kama mwezi mzima amepiga kwa ajili ya tetesi za usajili tu, mshukuru, umtafute mwingine.